Nitajuaje kama nina waranti ya kukamatwa Texas kwa tiketi ya zamani?

Mpwani_TX
Wakuu, habari zenu. Tiketi ya mwendokasi, Houston, imefikisha miaka miwili haijalipwa. Barua za mahakama zilikuwa zinakwenda anwani ya zamani. Desemba kuna safari ya Dar. Nikitafuta mtandaoni naletewa tovuti zinazotaka kadi ya benki kwanza ndipo zioneshe jina. Je, kuna rekodi ya serikali ambayo mtu anaifungua mwenyewe bure, bila kwenda kujipeleka polisi? Na hizi waranti za uhamiaji, nazo zinaonekana huko huko?

Mzee wa Faili
Hizo za kadi ya benki achana nazo. Wananunua rekodi kwa jumla na kuziuza rejareja: waranti iliyofutwa zamani bado utaikuta, ya wiki iliyopita hutaiona.

Daftari la waranti la Marekani nzima ambalo mtu wa kawaida analifungua halipo. Lile la FBI, NCIC, lipo tangu 1967 lakini ni la vyombo vya dola tu. Hata ripoti ya FBI ya alama za vidole, ile ya dola 18, haikufai hapa, maana inaeleza ulishakamatwa kwa lipi, haielezi unatafutwa kwa lipi. Waranti inatoka kwa hakimu, kwa hiyo inatafutwa kwenye faili la mahakama yake. Kaunti za nchi hii zinapita 3,000, Texas peke yake 254, ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua mahakama ipi.

Kwa tiketi, tazama nani aliyeiandika. Polisi wa jiji la Houston: kesi iko mahakama ya jiji, Municipal Court. Askari wa sherifu, konstebo, au askari wa barabara kuu wa jimbo (DPS): kesi iko kwa Justice of the Peace, hakimu wa kesi ndogo za kaunti, na Harris County, kaunti ya Houston, wana mahakama hizo 16. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anatafuta kwenye tovuti ya jiji, anakuta patupu, analala usingizi, kumbe aliyemwandikia alikuwa konstebo.

Karatasi ikiwa imepotea, pitia tovuti ya Texas Failure to Appear, inayoendeshwa na OmniBase kwa mkataba na DPS. Unaingiza namba ya leseni ya Texas na tarehe ya kuzaliwa. Kama mahakama ilikuripoti, utapata jina la mahakama hiyo, simu yake na namba ya kesi. Lakini ile ni orodha ya waliozuiwa kuhuisha leseni, siyo ya waranti, na si kila mahakama imejiunga. Patupu ya pale isikudanganye. Kuondolewa humo ni dola 10 kwa kosa, mbali na faini yenyewe.

Ukishaifungua kesi, usisome mstari wa juu tu. Shuka kwenye orodha ya hatua za kesi, tarehe kwa tarehe. Kuna maneno mawili ya kutafuta. "Alias" ni waranti ya kabla ya hukumu: hukutokea mahakamani. Mara nyingi ikiwepo hiyo utakuta na kosa la pili limeongezwa, la kutotokea, lenye namba yake ya kesi na faini yake. "Capias pro fine" ni ya baada ya hukumu: ulishatiwa hatiani, faini hukumaliza. Mambo mawili tofauti, na dawa zake tofauti.

DadaKarani
Mzee kaeleza vizuri, ila kuna kitu kinachowaangusha watu wetu kuliko vyote: jina na tarehe.

Tarehe Marekani huanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi anaandika 03/05. Ukiandika 05/03 kama tulivyozoea, mfumo unamtafuta mtu wa Mei tatu na kukujibu kwamba hakuna rekodi. Haukwambii umekosea.

Jina nalo, tafuta kwa kila umbo ambalo askari angeweza kuliandika. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Majina matatu yaliyobanwa kuwa mawili. Jina la babu likageuka la ukoo. Wakongomani wengi hawana jina la ukoo kwa maana ya Kimarekani, basi geuza mpangilio na ujaribu tena. Na kama hati ya kusafiria ilikuja na jina moja tu, kwenye leseni huenda pameandikwa FNU pahali pa jina la kwanza. Hiyo FNU ni kifupi cha "jina la kwanza halijulikani", lakini kompyuta inaishika kama jina, kwa hiyo nawe itafute hivyo. Mfumo ukikubali, andika herufi tatu nne za mwanzo za jina la mwisho, kisha chuja kwa mwaka wa kuzaliwa.

Kinyume chake pia kipo. Wakimbizi wengi waliandikishwa Januari 1 kwa sababu tarehe kamili haikujulikana. Ukikuta Hassan Ali wa Januari 1 ana waranti, usishtuke kabla ya kulinganisha namba ya leseni au anwani. Wenye jina hilo na tarehe hiyo hawakosekani.

Mpwani_TX
Asanteni sana. Nikimpigia karani simu, si ndiyo nimejitaja?

DadaKarani
Karani wa mahakama kazi yake ni mafaili, hatumi askari. Taja namba ya kesi, uliza: "Hali ya kesi hii ikoje, na kuna waranti iliyo hai?" Mahali unapopiga kutoka si lazima uwaambie. Usichofanya ni kwenda kuulizia kaunta ya polisi. Pale wakikukuta kwenye mfumo, wanaweza kukuweka ndani papo hapo.

Sheria Mkononi
Naongeza la sheria. Tangu 2017, Texas imeweka kwamba ukijipeleka mahakamani kwa hiari kabla hujakamatwa, na ukaonyesha nia ya kweli ya kumaliza suala, hakimu anapaswa kuifuta waranti ya kutotokea. Kwenye "capias pro fine" unaomba kusikilizwa juu ya uwezo wako wa kulipa: mapato, kodi ya nyumba, watoto. Hakimu anaweza kugawa faini kwa awamu, kuibadilisha kuwa kazi za jamii, au kuisamehe. Nenda na vielelezo vya mshahara, maneno matupu hayatoshi.

Usilipe mtandaoni haraka haraka ili yaishe. Kulipa faini yote kabla ya hukumu kwa kawaida huchukuliwa kuwa umekubali kosa, na hilo linaingia kwenye rekodi ya leseni. Kwa asiye raia, wakili asome faili kwanza. Wakili anaweza kuulizia waranti bila wewe kuonekana, na mliyozungumza ni siri yake.

Halafu angalia kalenda. Februari na Machi miji na kaunti nyingi za Texas huungana kwenye msako wa waranti za tiketi. Kabla ya msako hutoa muda wa watu kujisalimisha mahakamani bila kukamatwa.

Na akipiga mtu simu kwamba una waranti, ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi, Zelle au bitikoini, kata. Mahakama haikusanyi faini hivyo, hata kama simu imeonyesha namba ya ofisi ya sherifu. Kughushi namba ni rahisi.

Mzee wa Faili
Hapo kwenye kulipa nakubaliana naye kabisa, nilipaswa kulisema mimi.

Kuhusu uwanja wa ndege: ukirudi kutoka nje, maofisa wa mpakani wanapitisha majina kwenye orodha za wanaotafutwa. Waranti za makosa ya faini tu kwa kawaida hubaki kwenye mifumo ya jiji, kaunti au jimbo, na hakuna kaunti itakayogharamia kukufuata mbali kwa ajili ya tiketi ya mwendokasi. Kosa zito zaidi ni habari nyingine. Mwenye green card akitolewa pembeni kwa mahojiano, ndege ya kuunganisha ameshaikosa.

Pia si kila waranti iko wazi. Za uchunguzi wa jinai mara nyingi hufungwa hadi mtu akamatwe, na hutazikuta kwenye tovuti yoyote. Kesi za shirikisho ziko PACER, mfumo wa mtandaoni wa mafaili ya mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa, na matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka hawatozi. Kwa tiketi ya barabarani hakuna haja ya kufika huko.

Sheria Mkononi
La uhamiaji: mahakama za kawaida hazina. Waranti ya ICE, askari wa uhamiaji, fomu I-200 au I-205, inasainiwa na ofisa wa uhamiaji, siyo hakimu, kwa hiyo hakuna faili la kaunti litakaloionyesha. Unachoweza kukagua ni kama kuna amri ya kuondolewa nchini. Mfumo wa mahakama ya uhamiaji, EOIR, unapatikana mtandaoni na kwa simu 1-800-898-7180. Unatumia A-Number, namba ya faili lako la uhamiaji, tarakimu tisa, na ikiwa yako ni nane unatanguliza sifuri. Mtandaoni wanataka na uraia pia.

Anwani ndiyo inayowaponza wengi. Kujaza AR-11, fomu ya kubadili anwani, kwa USCIS (idara ya maombi ya uhamiaji) ndani ya siku 10 hakuiarifu mahakama ya uhamiaji. Kule ni EOIR-33, ndani ya siku 5. Aliyejaza moja tu, wito unakwenda nyumba ya zamani na amri inatolewa hayupo. Amri hiyo ikionekana, usimpigie ICE. Tafuta wakili wa uhamiaji, kwa sababu ombi la kufungua kesi upya kwa dharura iliyokuzuia lina siku 180 tangu amri itoke.

DadaKarani
Mpwani, kwenye safari: siku waranti itakapofutwa omba nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama, na ibaki ndani ya gari. Taarifa ya kufutwa inaweza kuchelewa kuingia kwenye kompyuta ya askari, na hapo katikati karatasi ndiyo itakayokutetea. Mpe pia karani anwani mpya kwa maandishi, maana ukimwambia tu kaunta huenda isiingie kwenye faili.