Unga wa "kubalansi homoni": uuzwe tu kama karanga?

Wadau, tuliongee hili bila kupakana mafuta. Dada yangu kanunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kopo la unga wa mimea wa "kubalansi homoni", elfu thelathini na tano. Muuzaji alimwuliza mawili tu: una uvimbe kwenye kizazi? Hedhi inaruka? La pili akajibu ndiyo, biashara ikaisha. Hakuulizwa kama anameza dawa yoyote. Na anameza, kidonge cha tezi ya shingo, kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, mwaka wa nne huu. Nikaligeuza kopo, maandishi kama mayai ya chawa: cha kwanza soya, cha pili maca, kile kiazi cha milimani Peru. Matumizi: "koroga kwenye uji wa asubuhi". Sasa soya ikikifuata kile kidonge kwa karibu, mwili unapokea dawa pungufu.

Halafu homoni ipi? Ya tezi, insulini, estrojeni ya kike, kila moja na kipimo chake. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Bibi zetu walitembea na rovu shingoni kwa kukosa madini joto, na kilichosaidia ni chumvi ya dukani iliyotiwa madini hayo. Msimamo wangu: asiyemwuliza mteja anatumia dawa gani, asiuze, na kila kopo liwe na kibali.

*Muuzaji, Makambako:* Kaka, unatuonea. Nina mteja wa miaka 51, joto lilikuwa linampanda usiku mpaka anafungua madirisha. Makambako hii, mwezi wa saba! Sasa analala. Soya ina vitu vinavyofanana na estrojeni, hata wataalamu wameipima kwa joto la kukoma hedhi. Mkidai kibali kwa kila kopo mtatufukuza sisi wa meza, wenye maduka watabaki.

*Mleta mada:* Mama, sibishi kwamba analala. Vipimo hivyo vinaonyesha nafuu kiasi kwa baadhi, na joto lile hata lenyewe hupoa na miaka. Ila huyo wa 51 na dada yangu wa 34 mnawauzia kopo moja?

*Nesi, Iringa:* Dada asiache kidonge. Kidonge na uji wa kopo viachane masaa kadhaa, na aende nalo kliniki apimwe damu tena. Wengi wanatuficha, wanaona aibu kusema wamenunua sokoni. Kuhusu kibali, tangu 2019 chakula kiko TBS, shirika la viwango, dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Kopo linajiita lishe huku linaahidi kutibu, basi linapita katikati ya mageti mawili. Hapo ndipo pa kubana, siyo meza ya mama.

*Muuzaji, Makambako:* Hilo la kidonge cha tezi sikulijua, nesi. Kuuliza nitauliza. La kibali sijakubali, na kopo lililofunguliwa sirudishi hela.