Mrejesho: ubao wa picha kwa mtoto mwenye sindromu ya Angelman

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama kumpa binti yangu ubao wa picha, yaani ubao wenye picha anazogusa ili kusema anachotaka, kutamzuia kujifunza kuongea. Ana sindromu ya Angelman, hitilafu ya jeni ya UBE3A kwenye kromosomu ya 15. Wengi wenye hali hii hupata maneno machache sana au wasipate kabisa, ingawa huelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema.

Asanteni sana mlionitoa hofu. Nilifuata ushauri wa kugusa picha mimi mwenyewe huku naongea, halafu ninyamaze nimsubiri. Kusubiri ndiko kulikoleta mabadiliko. Mkono unasita, unatetemeka, unarudi nyuma, kisha unatua kwenye "nataka tena". Juzi alinisukumia ubao kifuani akagonga "basi"; nikazima muziki, akacheka.

Ishara za mikono zimegoma, vidole havimtii, tumeziacha kwa sasa. Neno jipya la mdomoni hakuna, ila sauti anazotoa hazijapungua. Mtaalamu wa tiba ya usemi ameshauri tuongeze picha bila kuhamisha zile za mwanzo, ili mkono uzoee mahali pake. Tumeanza na za vitenzi.