In-Z kwenye Helix: Auto, 1M au 230k? Tulinganishe kwa wapiga solo

NyuziSita (Morogoro)

Wakuu, habari za kazi. Kuna mpangilio mmoja ambao wengi wetu tunauruka tunapotengeneza preseti, nao ni In-Z kwenye Line 6 Helix, prosesa ya gitaa. In-Z ni impidensi ya tundu la gitaa, yaani ukinzani ambao pikapu inakutana nao pale inapoingia. Ikitoka kiwandani iko Auto, yaani Helix inajichagulia kufuatana na bloku (kifaa) ya kwanza kwenye mnyororo. Ukifungua bloku ya Input utakuta pia 1M, 230k, 136k, 90k, 70k, 32k, 22k na 10k (M ni omu milioni, k ni omu elfu).

Napiga Stratocaster ya pikapu za koili moja, kebo ya mita 6, bila wireless, kisha natoka moja kwa moja kwenda mixer ya ukumbi. Muziki wetu ni dansi na rumba, kwa hiyo solo lazima ing'ae hata bendi nzima ikiwa imepamba moto.

Kwa masikio yangu, 1M inatoa gitaa zima. Nyuzi nyembamba zinalia wazi, na ule mguso wa kucha kwenye uzi unafika hadi spika. 230k inalegeza ule mchomo wa juu kidogo tu; kuna kumbi zenye spika kali ambapo naipenda kuliko 1M. Kuanzia 90k kushuka, pikapu ya nyuma inaanza kufanana na ya kati. Nikifika 22k, solo inazama kabisa, na nguvu nayo inapungua.

Inayonitatiza ni Auto. Nina preseti mbili zenye amplifaya ileile na EQ ileile. Moja inaanza na kompresa, nyingine inaanza na wah. Gitaa halifanani kabisa, hata wah ikiwa imezimwa. Nimeamua kufunga 1M kwa preseti zote za sauti safi, lakini nataka kusikia kwa wanaotumia Auto: mnapata nini?

FundiSolda (Nairobi)

Swali zuri, ndugu yangu, na masikio yako hayajakudanganya. Hesabu inakubaliana nawe.

Pikapu ya koili moja ina indaktansi ya henri 2 hadi 3 hivi. Kebo nayo ni kapasita: hesabu takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na kapasita zikikutana, zinatengeneza kilele kwenye masafa fulani, na kilele hicho ndicho kinachofanya Strat isikike kama Strat. Tuchukue henri 2.5, kebo yako ya mita 6, tuongeze pikofaradi 100 za pikapu yenyewe. Kilele kinaangukia karibu na hezi 3,800. Ukitumia kebo ya mita 3 kinapanda hadi hezi 5,000 hivi. Kwa hiyo kabla hujaigusa Helix, urefu wa kebo umeshakuamulia kilele kikae wapi.

Kazi ya In-Z ni kuamua kilele hicho kiwe kirefu au kifupi. Ndani ya gitaa, pikapu iliyounganishwa na toni tayari ina potenshiometa (vifundo) mbili za 250k, ya volyumu na ya toni, na kwenye masafa ya juu zote mbili zinaivuta pikapu, hata zikiwa kwenye 10. Zikiwa sambamba zinakuwa 125k. Ongeza 1M ya Helix: jumla ni 111k, na kilele kinasimama vizuri. Ongeza 230k: jumla inashuka hadi 81k, kilele kinapungua lakini bado kipo. Ongeza 22k: unabaki na chini ya 19k. Hapo hakuna kilele tena, masafa ya juu yanaanza kuporomoka mapema.

Na hiyo nguvu inayopungua pia si ya kufikirika. Koili yenyewe ina ukinzani wa 6k hivi. Ikiisukuma 22k, karibu robo ya volti inabaki ndani ya koili na haifiki kwenye chombo.

Kuhusu wah iliyozimwa: ingia Global Settings utafute Auto Impedance. Ikiwa First Block, Helix inafuata bloku ya kwanza hata ikiwa imezimwa. Ikiwa First Enabled, inafuata ya kwanza iliyo hai. Hiyo ndiyo tofauti unayoisikia.

MiSolo_Lubumbashi

Bandugu, jambo. Mimi naongezea upande wa mkono. Kwetu mpiga mi-solo, gitaa la kati ya solo na ridhimu, hagusi pedali sana. Anashusha volyumu ya gitaa mwimbaji akiimba na kuipandisha sebene ikianza. Sasa hapo ndipo impidensi ndogo inapoharibu kazi. Nikiwa 1M, volyumu inashuka polepole, naweza kukaa pale ninapotaka. Nikiwa 22k, nikigusa kidogo tu gitaa limekufa, na kupandisha tena ni kuruka. Mwenyewe FundiSolda atueleze sababu, lakini kwa mtu wa rumba hili ni kubwa kuliko habari ya trebo.

Auto naikataa kwa sababu hiyohiyo. Mkono wangu umezoea njia moja ya kifundo cha volyumu. Preseti ikibadilika na kifundo kikabadilika nayo, napoteza.

FundiSolda (Nairobi)

Sababu ni hii, mzee wangu. Kifundo cha 250k kikiwa katikati ya ukinzani wake, kuna 125k juu na 125k chini. Ile ya chini ikikaa sambamba na 1M, inabaki 111k, na unapata karibu nusu ya sauti kama unavyotarajia. Ikikaa sambamba na 22k, inakuwa chini ya 19k huku ya juu ikiwa bado 125k. Unabaki na kama moja ya nane tu. Kifundo ni kilekile, lakini mwendo wake umebadilika.

DadaKwaya (Mwanza)

Kaka zangu, nimesoma yote haya nikaenda kanisani kujaribu kwenye Helix ya kwaya. Nimepita kutoka 1M mpaka 10k, sisikii tofauti yoyote. Gitaa ni Telecaster, natumia wireless. Je, Helix yetu ni mbovu?

NyuziSita (Morogoro)

Dada, Helix ni nzima. Kwenye wireless, pikapu zako zimeunganishwa na transmita iliyo kiunoni, na impidensi inayozigusa ni ya hiyo transmita. Helix inaona risiva tu, ambayo haitikiswi na In-Z. Ni vivyo hivyo ukiweka pedali yenye bafa, yaani sakiti inayoitenga pikapu na kinachofuata, kati ya gitaa na Helix. Boss nyingi zina bafa inayofanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa. Pikapu zenye betri, kama EMG, nazo zina bafa yake ndani ya gitaa, kwa hiyo tofauti ni ndogo mno. Chomeka kebo moja kwa moja, jaribu tena, utasikia.

DadaKwaya (Mwanza)

Nimejaribu kwa kebo. Kweli! 22k na 1M ni magitaa mawili tofauti. Asante kaka. Na sasa naelewa kwa nini siku wireless inapoisha betri tukitumia kebo, sauti inakuwa nyingine.

MpendaFuzz (Arusha)

Naona Auto inahukumiwa upande mmoja, acheni niitetee kwa moyo wote. Arbiter Fuzz Face, pedali ya fuzz (ya kuchafua sauti) iliyotoka Uingereza mwaka 1966, ina impidensi ndogo sana ya kuingilia, na pikapu ni sehemu ya sakiti yake. Ukishusha volyumu ya gitaa, unaongeza ukinzani kati ya pikapu na transista ya kwanza. Uchafu unapungua, na sauti inayobaki ni angavu, inameta. Wapenzi wa Fuzz Face wanaishi kwa ajili ya sauti hiyo.

Sasa chukua Arbitrator Fuzz ya Helix, ambayo imejengwa kwa mfano wa Fuzz Face, uifunge kwenye 1M. Fuzz inakuwa kali, ina mchanga mwingi juu, na kifundo cha gitaa hakiisafishi ipasavyo. Rudisha Auto, sauti inakaa mahali pake. Mkisema 1M kwa kila kitu, mnaiua fuzz.

Tena hata ile 136k kwenye orodha ina historia. Amplifaya nyingi za Fender zina matundu mawili, 1 na 2. Tundu la 1 ni 1M. Tundu la 2 linatumia rezista mbili za 68k, jumla 136k, na sauti inashuka desibeli 6. Mtu aliyekuwa akichomeka tundu la pili ili apate sauti laini, 136k itamrudisha karibu na hapo, ila kile kishuko cha desibeli 6 atakiweka mwenyewe.

NyuziSita (Morogoro)

Nakubali kwa fuzz, mkuu, na nashukuru kwa hiyo ya Fender. Basi msimamo wangu unabaki kwa sauti safi, kompresa na korasi: 1M. Fuzz ikiwa ya kwanza kwenye mnyororo: Auto. Lakini kwa mtu mwenye preseti moja inayobeba vyote viwili, bado nasema aweke fuzz kwenye preseti yake yenyewe, asiache First Enabled ibadilishe gitaa katikati ya wimbo.

MpendaFuzz (Arusha)

Hapo tunatofautiana. Gitaa kubadilika ninapokanyaga fuzz ndicho ninachokitaka. Pedali halisi inafanya hivyohivyo.

UdiMalindi (Zanzibar)

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni wa taarabu, napiga udi, nimeubandika piezo (pikapu inayohisi mtetemo wa mbao), napitisha kwenye Helix kwa ajili ya reverb tu. Hata 1M kwangu sauti ni nyembamba, besi haipo. Niteremke?

FundiSolda (Nairobi)

Waalaykum salaam. Usiteremke hata kidogo, utaipoteza zaidi. Piezo ni kinyume cha pikapu ya koili: yenyewe ni kapasita, na impidensi ndogo inakula besi, haili trebo. Kwa piezo ya pikofaradi 500 hivi, 1M inaanza kukata chini ya hezi 320. Ukishuka 230k, mpaka unapanda hadi hezi 1,380 hivi, na udi utasikika kama redio ndogo. Unahitaji kama 10M, ambayo mpaka wake ni hezi 32, na Helix haina. Tafuta priampu ndogo ya piezo, iweke karibu na udi kadiri inavyowezekana, ndipo uingie Helix. Baada ya priampu, In-Z haitakuhusu tena.

KijanaWaBenga (Kisumu)

Wazee wangu, na sisi wenye prosesa ndogo zisizo na mpangilio huu? Yangu imefungwa 1M. Benga inataka makali, hilo sina shida nalo, lakini kuna ukumbi unaumiza masikio. Nikipunguza trebo kwa EQ si ni sawa tu?

FundiSolda (Nairobi)

Ukiacha kifundo cha gitaa kwenye 10, EQ itakufikisha karibu kabisa. Haitakuiga unaposhusha volyumu, kwa sababu EQ haijui mkono wako uko wapi.

Kama unataka kitu halisi, kwanza elewa kwamba hata kwenye mashine kubwa wanalijali hili: Fractal Axe-Fx III ina 1M, 230k na nyinginezo, kisha kila moja ina toleo la +CAP lenye kapasita ya ziada. Wewe unaweza kutengeneza yako kwa shilingi chache. Rezista ya 300k ikikaa sambamba na 1M inakupa 230k. Ukitaka kuhamisha kilele badala ya kukifupisha, weka kapasita ya pikofaradi 470: kwa kebo ya mita 3 kilele kinashuka kutoka hezi 5,000 hadi karibu 3,400, kama vile unatumia kebo ndefu kuliko hiyo. Kwa benga ningeanza na kapasita, kwa sababu makali yanabaki, yanashuka tu mahali ambapo hayaumizi.

NyuziSita (Morogoro)

Niongeze moja kwa wanaorekodi. Kuna wanaosema rekodi kavu kwanza, In-Z utachagua baadaye. Haiwezekani. Impidensi inafanya kazi kati ya pikapu na tundu, kabla sauti haijageuzwa kuwa dijitali. Rekodi kavu ya 22k imeshapoteza kilele chake. Amplifaya utabadilisha, EQ utabadilisha, ila mvutano kati ya kebo na kifundo cha volyumu umeshapita. Na ukirekodi kwa interface ya kompyuta, hakikisha umebonyeza Inst, kitufe cha kuingiza gitaa. Tundu la line lina impidensi ndogo mno kwa pikapu isiyo na betri.

KijanaWaBenga (Kisumu)

Asanteni sana. Fundi, hiyo kapasita naiunga wapi? Sitaki kufungua gitaa la bendi.

FundiSolda (Nairobi)

Usiliguse gitaa. Fungua plagi ya kebo upande unaoingia kwenye prosesa, unga kapasita kati ya ncha na ganda, yaani kati ya waya wa katikati na ule wa ardhi. Funika miguu yake kwa mrija wa plastiki isigusane. Tia alama ya rangi kwenye kebo hiyo, na uwe na nyingine ya kawaida kwenye begi kwa ajili ya kumbi ambazo hazichomi.