Ngozi ikisema "namjua" na mdomo ukikana, mahakama iamini kipi?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 1984 mtafiti Bauer alieleza habari za mgonjwa aliyeumia ubongo, akawa hatambui tena sura, hata za jamaa zake. Alioneshwa picha za watu anaowafahamu, na kila picha akasomewa majina matano. Akiambiwa achague, anabahatisha tu. Lakini kipimo cha jasho la vidoleni kilipanda zaidi kwenye jina sahihi, takribani mara 6 katika 10. Ndani anajua, ila hajui kwamba anajua! Sasa shahidi akikana kumfahamu mtuhumiwa, kwa nini asipimwe vidole ubishi ukaisha?

Mpanda Lifti: Mkuu, umekimbilia mahakamani mapema. Juzi ukumbini nilimchangamkia mtu kama ndugu. Tukaulizana shule, kazi, hata ukoo, wapi! Siku mbili baadaye namkuta kwenye lifti, ananibonyezea ghorofa yangu kabla sijafungua mdomo. Kumbe tunapanda pamoja kila asubuhi. Jasho lingeapa kwamba namfahamu. Namfahamu kutoka wapi, halisemi, na hilo ndilo hakimu anataka.

Mbishi: Mimi hata hiyo "bila kufahamu" naitilia shaka. Mwaka 1998 Whalen na wenzake walionesha nyuso zenye hofu kwa milisekunde 33, zikafunikwa papo hapo na uso mtulivu. Wengi walisema hawakuona hofu, ilhali amigdala yao, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, iliitikia. Safi. Ila mwaka 2005 Pessoa na wenzake walimpima mtu mmoja mmoja, wakakuta wapo wanaoigundua hofu hiyo kwa muda uleule. "Sikuona" mara nyingine ni "sina uhakika", basi.

Mleta mada: Sawa, lakini yule wa Bauer alikuwa na muda wa kutosha wa kutazama, na bado hakujua. Hilo hujalijibu.

Mbishi: Kweli, hilo nakupa.

Mpanda Lifti: Mimi silipingi, nakugeuzia tu. Wapo wagonjwa wa Capgras: anamtazama mama yake, anakiri sura ni ileile, kisha anashikilia kuwa huyo ni tapeli. Ellis, Young na wenzao walipowapima mwaka 1997, sura wanazozifahamu hazikupandisha jasho kuliko za wageni. Kwa kipimo chako cha vidole, mama kashindwa kesi.