Ukitafuta habari za kisukari kwa Kiswahili unakutana na wauza makopo tu. Wenye elimu mko wapi?

Wakuu, habari za usiku. Shikamooni wakubwa. Uzi ni mrefu na una povu, asiyetaka povu apite tu.

Jana nimemaliza bando la elfu mbili natafuta jibu la swali moja: mama wa miaka 63 mwenye kisukari aina ya pili ale ugali kiasi gani? Basi. Swali la jikoni, halihitaji profesa. Nikaandika kwa Kiswahili kama ninavyoandika hapa. Kila ninachofungua kinaanza vizuri, "kisukari ni ugonjwa unaotokana na...", aya mbili tatu, halafu ukishuka chini unakuta namba ya WhatsApp na picha ya makopo. Dozi siku 21, sukari kwisha kabisa, mikoani tunatuma. Mmoja kaweka hadi picha yake na koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni. Ukimpigia anakuuliza uko mkoa gani kabla hajakuuliza mgonjwa anatumia dawa gani.

Kwa Kiingereza habari zipo, nyingi, nzuri na za bure. Ila zimeandikiwa mtu mwingine kabisa, na hapo ndipo palipotaka kuniulia mama.

Ngoja nisimulie. Ilikuwa Januari, joto la Mbagala mnalijua, LUKU imeisha, feni imesimama. Mimi niko dukani Buguruni. Nyumbani yuko bi mkubwa na mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha sita, si mtu wa kubabaika. Bi mkubwa akasema anasikia kizunguzungu na jasho linamtoka. Mdogo wangu akafanya kila kitu inavyotakiwa: akamnawisha mikono, akamtoboa kidole, akapima. Mashine ikasoma 9.8. Sasa 9.8 ndiyo nini? Siku tuliyonunua ile mashine muuzaji alitufundisha kuweka betri tu. Akaingia mtandaoni, akapata ukurasa wa hospitali ya Marekani, siyo matapeli hata kidogo. Ukamwambia sukari ikiwa chini ya 70 ni hatari, mpe mgonjwa kitu chenye sukari upesi, subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini ya 70 rudia.

9.8 na 70. Wewe ungefanyaje?

Akampa soda. Dakika 15, 13.1. Bado haijafika 70. Akampa nyingine na vijiko viwili vya asali. 17.6. Akanipigia huku analia: "Kaka, sukari haipandi, kila nikimpa bado iko chini." Nikamuuliza inasoma ngapi. "Kumi na saba nukta sita." Nilifunga duka bila hata kuhesabu mauzo. Nafika nyumbani ni 21.4, bi mkubwa koo limemkauka, anaenda chooni kila baada ya dakika kumi. Bajaji, hospitali, akatundikiwa dripu, akadungwa insulini ya kushusha sukari, tukarudi asubuhi. Mdogo wangu mpaka leo hataki kuishika ile mashine.

Kwa wasiojua: Wamarekani wanapima sukari ya damu kwa miligramu ndani ya desilita, yaani wanaipima uzito. Mashine nyingi za hapa kwetu zinasoma milimoli kwa lita, yaani zinahesabu chembe. Kutoka namba ya kwao kuja ya kwetu unagawa kwa 18. Ile 70 yao kwetu ni 3.9. Ile 126 yao, ambayo ukiifikia asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni unaambiwa hiki sasa ni kisukari, kwetu ni 7.0. Kwenye kioo cha mashine pameandikwa mmol/L, pembeni kule chini, maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Gawa kwa 18. Sentensi moja hiyo. Nimeitafuta kwa Kiswahili baada ya yale masaibu, sikuiona popote. Nilichokiona ni maji ya bamia.

Najua kuna watakaokuja na "mkuu si ungeuliza hospitali". Tumeuliza! Tumefika kliniki saa kumi na moja alfajiri, tumeingia kwa daktari saa nne, tumekaa dakika tano. Yeye simlaumu, foleni nyuma yetu ilikuwa imefika getini. Tukatoka na vidonge vya sukari, metformin na glibenclamide, na maneno mawili: "punguza wanga". Kwenye daladala bi mkubwa kanyamaza, kanyamaza, tulipofika Mtoni Mtongani akaninong'oneza: "Mwanangu, mimi na wanga wapi na wapi? Nani kamwambia daktari nina maneno na wanga?"

Nilicheka mpaka konda akageuka. Baadaye nikaona si kichekesho. Mama anaambiwa neno linalobeba ugonjwa wake wote, na yeye kwa miaka 63 analijua kwa maana ya watu wanaoruka usiku. Nani wa kumwambia kwamba wanga huo ni ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, ndizi za kupika, vitumbua na uji wa asubuhi? Yeye aliacha sukari kwenye chai akahesabu kazi imeisha. Halafu kuna sauti ilizunguka WhatsApp ikisema dona haina sukari, kula ushibe. Dona kweli lina nafuu kuliko sembe kwa sababu ya zile pumba, linapandisha sukari taratibu zaidi, lakini ni wanga vilevile. Bi mkubwa alikuwa anakula mlima wa dona akiamini anakunywa dawa.

Kurasa za Kiingereza zina kitu kizuri kinaitwa mpango wa sahani: nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo samaki, nyama au maharage. Nimeuelewa, naukubali. Ila mifano yake ni brokoli na kinoa, na sahani yenyewe kila mtu ana yake. Sisi kwetu tunakula sinia moja watu watano. Robo ya sinia ni ipi? Ugali unaumega mpaka ushibe, nani anahesabu matonge? Mimi nimeamua mwenyewe bi mkubwa apakuliwe pembeni, ugali wa ukubwa wa ngumi yake, kisamvu au mchicha ujae, dagaa juu. Alinuna wiki nzima akisema tumemtenga kama mwenye ukoma.

Nikabonyeza na kile kitufe cha kutafsiri, nikijua nimepata mkombozi. Stripu za kupimia zikageuka "vipande vya mtihani". Bi mkubwa akauliza mtihani wa nini tena.

Sasa nije kwa wanaolipwa kuzungumza. Kuna ofisi moja, siitaji, niliingia kwenye tovuti yao nikijua pale ndipo penyewe. Ukurasa wa mbele picha za warsha, watu wamevaa tisheti mpya wameshika bango. Machapisho ya kisukari, viungo viwili vimekufa, cha tatu kikafunguka: mwongozo wa madaktari, mamia ya kurasa, Kiingereza chote. Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, wanarusha bango moja, "pima afya yako", halafu kimya mpaka Novemba nyingine. Shirikisho la Kisukari la Kimataifa limetoa hesabu 2025 kwamba watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na huu ugonjwa. Hao wa hapa kwetu wameandikiwa lini?

Penye ombwe ndipo muuza kopo anapotandika biashara. Bi mkubwa alimpata mmoja bila mimi kujua, akatoa elfu 85 ya mchezo. Sharti: acha vidonge vya hospitali, "vinagombana na dawa". Aliacha siku kumi na moja, vidonge kavificha kwenye kopo la kahawa. Sukari ikafika 18, akampigia "dokta". Jibu: "Usiogope mama, hiyo ni sumu inatoka." Nilipompigia mimi akanifungia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na bado hawa watu wanajitangaza mchana kweupe, mpaka tangazo linakufuata kwenye simu ukishatafuta neno kisukari mara moja.

Na kwa mwenye aina ya pili una muda wa kushtuka. Mtoto mwenye aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini, ukimwambia mzazi wake "acha sindano, tumia hii" unamzika ndani ya siku chache. Kabla ya insulini hao watoto walikuwa wanakufa tu. Wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto, Januari 1922. Zaidi ya miaka mia imepita, na kuna mtu Dar hii hii anawarudisha watoto kabla ya hapo kwa bei ya kreti tano za soda.

Ramadhani nayo ikaja. Bi mkubwa anataka kufunga, na glibenclamide inajulikana kwa kushusha sukari ukiwa hujala. Nikapata mwongozo umeandaliwa na watu wanaojua, unasema fungua ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, na kupima kidole hakuharibu saumu. Kiingereza. Nilikaa usiku namtafsiria mimi, muuza rangi za nyumba, namwombea Mungu nisikosee nukta.

Sasa nimejiwekea sheria. Ukurasa wenye namba ya kuagizia naufunga. Usiosema namba zake ni za kipimo gani naufunga. Unaosema acha dawa, naufunga na kuuripoti. Kwenye friji nimebandika karatasi kwa mwandiko mkubwa: CHINI YA 4, nusu glasi ya soda yenye sukari, dakika 15, pima tena. AMEZIMIA, usimtie kitu mdomoni, bajaji. 70 YA WAMAREKANI NI 3.9 YETU.

Kitu kimoja tu cha maana nimekipata kwa Kiswahili: kijitabu cha jalada la kijani, mtu kakipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa akarusha kwenye kundi. Kimeandikwa vizuri, kinaeleza kutunza miguu na macho ya mgonjwa, kinaeleza insulini inavyotunzwa nyumba isiyo na friji. Dole gumba lake limeziba jina la waliokitoa. Kurasa za 7 na 8, ambazo yaliyomo yanasema ni "Vyakula vyetu na vipimo vyake", hazipo.

Mwenye nazo azitupie hapa. Wauza makopo msiniingilie PM.