Hema moja, Lushoto kisha Ushongo: tuzipangeje siku sita za mwisho wa Julai?

Kipupwe_Tabata

Wakuu, salaam. Tunatoka Dar tukiwa wanne, wakubwa wawili na watoto wa miaka 9 na 12, kwa gari dogo. Tuna usiku sita: tatu Lushoto, tatu Ushongo kusini ya Pangani. Hema ni moja, la kuba, la watu wanne, na vigingi vyake vyembamba vya chuma vilivyokuja nalo. Tuanze mlimani au pwani? Hema hilohilo litafaa kote kuwili? Na kitu gani cha lazima ambacho watu husahau? Watoto nao wanaulizia nyumba ya mtini.

Mgosi_wa_Soni

Karibuni Usambara. Anzeni mlimani. Hema likitoka pwani limeshika chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ukilipandisha hivyo kwenye ukungu wa Lushoto halikauki asubuhi. Lililolowa mlimani hukaushwa na upepo wa Ushongo kabla chai haijaiva.

Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu mnapanda lami ya kona kama km 33 kupitia Soni. Siku ya kushuka tumieni gia ndogo, msiteremke kwa breki tupu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni ziachie zipoe.

Sasa baridi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na msitu wa Magamba uko juu zaidi. Usiku wa Julai huweza kukaribia nyuzi 10. Mtu wa Dar hubeba mablanketi ya kujifunika akasahau ya kulalia, na baridi inayowaamsha watoto saa tisa usiku hutoka ardhini. Tandikeni mkeka, juu yake sponji ya inchi 2, kisha blanketi moja la kulalia. Godoro la upepo peke yake halisaidii, maana hewa iliyo ndani yake hupoa pamoja na ardhi.

Turubai la chini ya hema liwe dogo kuliko sakafu ya hema, sentimita 5 hivi kila upande. Likichomoza nje, mvua hutiririka kwenye kifuniko, hudondokea kwenye turubai na kuingia chini yenu. Watu hulaumu hema kwamba linavuja kumbe maji wameyakaribisha wenyewe.

Asubuhi mkiona matone ndani ya dari, hiyo ni pumzi yenu wanne. Acheni matundu mawili ya hewa wazi, pande zinazotazamana, hata kama mnaona baridi. Na hili nawasihi: jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, hata likibaki na makaa mawili. Hewa yake haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Mahali: kwa mara ya kwanza na watoto, Irente Farm panafaa. Wanapokea wenye mahema, na mkate, jibini na jamu mnanunua hapohapo. Msipige hema karibu na genge la Irente. Hapo mlima umekatika wima, na upepo hupanda kutoka bondeni. Mkitaka Magamba, ni hifadhi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, ulizieni malipo mapema. Hupitia kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, si noti mkononi. Popote mtakapokuwa, epukeni kulala chini ya mikaratusi. Huangusha matawi mazito hata siku isiyo na upepo.

Nahodha_Bweni

Mgosi kamaliza mlima, nami niseme pwani.

Mwishoni mwa Julai ni kusi tupu, upepo wa kusini-mashariki. Vigingi vyako vyembamba viache garini, mchanga mkavu hauvishiki. Kila hema linapotikisika kigingi hupanda kidogo, na usiku wa manane kimeng'oka. Beba viroba vinane vya unga vya kilo 5, vitupu: vinne vya pembe, vinne vya kamba za kuvutia. Jaza mchanga, kaza mdomo, kisha funga kamba katikati ya kiroba, si mdomoni. Chimba sentimita 40 hadi 50, kilaze kikingame na kamba, fukia na kukanyaga. Kosa la wengi ni kuitoa kamba wima. Hapo inakivuta kiroba kwenda juu. Ichimbie kimfereji cha mteremko itoke ikilala kuelekea hemani, ndipo mchanga wote wa mbele uwe unaizuia.

Mgongo wa hema uelekee kusini-mashariki, mlango utazame bara.

Kuhusu maji: hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua, yaani maji makubwa, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mkifika wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana, mtaona mstari wa mwani mbichi chini sana, mkadhani bahari inaishia pale. Msiufuate. Tafuteni mstari wa juu, wa mwani mkavu mweusi, vifuu na vijiti. Huo ndio wa bamvua. Kisha pandeni zaidi hadi majani yanapoanza kuota. Minazi nayo iepukeni: hata iliyoanguliwa nazi huangusha makuti, na kuti bichi ni zito.

Maji ya kunywa na kupikia hesabuni lita 5 kwa mtu, yaani dumu la lita 20 kwa siku. Visima vya ufukweni vingine vina chumvi. Na fikeni Pangani mchana, muwahi kuvuka mto kwenda Bweni na kuchimbia hizo nanga za viroba kungali na mwanga.

Kipupwe_Tabata

Asanteni sana, viroba nimeanza kukusanya. Kisiwa cha Maziwe kinawezekana Julai? Na jiko la gesi la mtungi wa kilo 3 linatosha?

Nahodha_Bweni

Maziwe ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama, kwa hiyo safari hupangwa kwa kupwa. Ondokeni asubuhi kabla kusi haijakaza. Nahodha akisema leo bahari imechafuka, msimbembeleze. Usiku zimeni taa zinazoelekea baharini; kasa hutaga pwani ile, na watoto wao hufuata mwanga.

Kilo 3 zinatosha mkipika mara mbili kwa siku, ila maharage yachemsheni nyumbani. Tengenezeni kinga ya bati pande tatu. Upepo ukipiga moto, gesi inaisha bure na sufuria haichemki.

Mgosi_wa_Soni

Nyumba ya mtini isahauni kwa safari hii. Hifadhini haifai kupigilia hata msumari mmoja. Wapeni bembea ya kulalia, yenye mikanda mipana ya sentimita 3 hivi badala ya kamba, maana kamba hukata ganda la mti. Ining'inie chini, mtoto akianguka asiumie.

Jambo moja nilisahau: siafu. Kabla ya kutandika, mulikeni ardhi kwa tochi mita 10 kila upande, hasa baada ya mvua. Mkiona njia yao, hamisheni hema. Msiwamwagie maji, watatawanyika wawajie pande zote.

Fundi_Turubai

Nyongeza ya vifaa. Fito za faiba hupasuka kwenye maungio kusi ikipiga. Beba kipande cha bomba la alumini cha sentimita 15, kipana kidogo kuliko ufito, na utepe wa gundi. Ukipasuka, visha bomba juu ya ufa, funga ncha zote mbili kwa utepe, hema litasimama hadi mwisho wa safari.

Zipu ikigoma ufukweni msiivute kwa nguvu, kinachoharibika kwanza ni kile kichwa chake. Pigeni mswaki mkavu kwenye meno, kisha maji baridi. Mkifika Dar osheni hema lote kwa maji yasiyo na chumvi, bila sabuni ya unga, likauke kivulini hadi kwenye mishono, ndipo mpake mshumaa kwenye zipu na kulikunja.