Zana za kusuka ringi ya baiskeli nyumbani: zipi ninunue, zipi nitengeneze?

ekseli_nyuma
Wakuu, habari. Nataka kusuka gurudumu la nyuma la inchi 26. Ringi ni mpya ya alumini yenye matundu 36, habu (kitovu cha gurudumu) ni ya friwili ya kufunga kwa nyuzi, na spoki nitazipitisha kwa msalaba wa tatu, yaani kila spoki ikatize nyingine tatu. Nina bisibisi, spana, rula na kalipa. Stendi ya kunyooshea ringi sina, na bei yake ni kubwa kwa mtu wa ringi mbili tatu kwa mwaka. Kipi lazima ninunue? Na spoki za urefu gani? Dukani kuna za 258, 260, 262 na 264, muuzaji anasema zote zinaingia.

fundi_mkazo
Mkuu, cha kununua hasa ni ufunguo wa spoki unaokaa barabara kwenye nati (zile ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi). Nati zinatofautiana upana: kuna za 3.23 mm, 3.3 na 3.45. Pima zako kwa kalipa kwanza. Ule ufunguo wa duara wenye meno ya saizi nyingi achana nao, unalegea na kula kona za nati. Mkazo ukishapanda, nati iliyolika haizunguki tena, dawa yake ni kukata spoki.

Stendi unayo tayari. Pindua baiskeli, vua tairi, funga gurudumu kwenye fremu. Kwenye bomba za pande zote mbili funga vile vikamba vya plastiki vya kubania waya, ukate ncha zibaki kama milimita 1 kutoka kwenye ringi. Hapo unaona kuyumba kwa kushoto na kulia. Kwa kupanda na kushuka, funga rula ikatize bomba mbili, karibu na ukingo wa nje wa ringi. Ila koni za ekseli zisiwe na mchezo hata kidogo, la sivyo utakuwa unafukuza mchezo wa ekseli ukidhani ni ringi.

kalipa26
Kuhusu urefu, usimsikilize muuzaji. Chukua spoki mbili za zamani, fungia nati hadi ncha ya spoki ilingane na chini ya mfereji wa bisibisi, kisha kata upande wa kiwiko (ncha iliyopinda) ubaki urefu wa 200 mm kamili kuanzia hapo. Ziingize kwenye matundu yanayotazamana, la 1 na la 19, zivute zielekeane na upime pengo katikati. Jumlisha 400. Rudia sehemu mbili tatu, maana ringi huwa si duara kamili.

Tuseme umepata 540, kwa hiyo nusu yake 270. Kipenyo cha duara la matundu ya habu 45, nusu yake 22.5. Kutoka katikati ya habu hadi sahani (ukingo wenye matundu ya spoki) ya kushoto 35, ya kulia 20 (friwili imekula nafasi). Msalaba wa tatu kwa spoki 36 unatoa pembe ya nyuzi 60, kosaini yake 0.5. Kushoto:

270² + 22.5² + 35² − (2 × 270 × 22.5 × 0.5) = 68,556

Kipeuo chake cha pili ni 261.8. Toa nusu ya tundu la habu, 1.3, inabaki 260.5. Kulia inatoka 259. Basi nunua 260 za kushoto na 258 za kulia, 18 kwa 18. Upungufu wa milimita 1 hauna tabu. Zikizidi kwa 3 ndipo tatizo: ncha inatokeza juu ya nati na kutoboa tyubu, au nyuzi zinaisha kabla spoki haijakaza. Hii ni mifano tu, weka vipimo vyako.

fundi_mkazo
Nyongeza: chukua bisibisi bapa kuukuu, uipige tupa ncha ibaki na pini ndogo katikati, unene chini ya mm 2, urefu mm 3. Pini hiyo ikigusa ncha ya spoki, bisibisi inajiinua na kutoka kwenye mfereji. Nati zote zinaishia kina kimoja, na ringi inaanza ikiwa karibu duara. Kwa kazi ya dakika kumi za tupa, hii ndiyo zana ninayoiheshimu kuliko zote.

Nyuzi za spoki zitie mafuta, na tone moja pale nati inapokalia ringi.

ekseli_nyuma
Shukrani wakuu. Nitajuaje ringi iko katikati? Na nikikaza, nazungushia wapi?

kalipa26
Ukitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata saa. Ukitazama kutoka kwenye habu inaonekana kinyume, na hapo ndipo wengi hulegeza wakidhani wanakaza. Nenda nusu mzunguko kwa kila nati, baadaye robo. Zidisha kidogo kisha rudisha, kwa sababu spoki hujisokota pamoja na nati na hujifungua ukianza kuendesha.

Katikati: geuza gurudumu kwenye fremu, kushoto kuwe kulia. Ringi ikihama mm 4, kosa ni mm 2. Kaza upande unaotaka ringi iende.

Mkazo bila kipimo: gonga spoki kwa kucha, za upande mmoja zilie sauti moja. Kulia italia juu zaidi. Halafu kamata spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, uzibane kwa nguvu mzunguko mzima. Ringi ikiyumba ghafla kama wimbi baada ya hapo, umepita kiasi. Legeza zote nusu mzunguko na unyooshe upya.